Fundi Laban na Herufi Zinazotembea

Laban Walubengo aliingia Kisumu mwaka wa 1976 akitokea upande wa Bungoma, akiwa na mashati mawili, brashi tatu, na imani kwamba hapakuwa na mtu kutoka Busia hadi Nakuru aliyeweza kuichora herufi S kumshinda. Za wenzake, alisema, zililala kama mtu aliyekunywa busaa mchana. Yake ilikaa wima, tumbo ndani, kifua mbele, kama askari wa gwaride. Watu walimcheka, lakini kazi walimpa. Kufikia mwaka wa 1990 ungeweza kutembea kutoka Kondele hadi stendi ya mabasi na karibu kila bango ulilosoma lilikuwa limepita mikononi mwake: maduka ya dawa, vinyozi, makanisa, na lile onyo la ukutani lililowakataza wanaume kujisaidia mahali pale. Hilo aliliandika kwa unadhifu hata wanaume wakawa wanasimama kulisoma lote, kisha wanajisaidia.

Siri ya kazi yake haikuwa brashi. Ilikuwa miguu. Kabla ya kuchora bango lolote, aliandika herufi moja kwa chaki juu ya kadibodi, akaitundika mahali bango litakapokaa, kisha akaanza kurudi kinyumenyume huku anahesabu hatua, mpaka ile herufi ianze kumponyoka machoni. "Kila inchi ya herufi inakununulia hatua nne," aliwaambia wateja. "Ukitaka mtu akusome akiwa ng'ambo ya barabara, usinipe kibao cha ukubwa wa sinia."

Kurudi kinyumenyume ndiko kulikompa mke. Mwaka wa 1979, akipima bango la fundi cherehani karibu na soko la Jubilee, alihesabu hadi hatua ya thelathini na moja, na hatua ya thelathini na mbili akaketi ndani ya beseni la nyanya. Mwenye nyanya alikuwa binti mmoja kutoka Samia aliyeitwa Nabwire. Hakupiga kelele. Alimtazama tu pale alipokaa, akamuuliza, "Umemaliza kusoma?" Laban alirudi kesho yake kuomba radhi, na kesho kutwa, na wiki nzima, na kabla ya mwaka kwisha walikuwa wameoana. Nabwire hakuacha kuwaambia watoto kwamba baba yao ndiye mwanamume pekee aliyekuja kuposa kwa kisogo.

Basi huyo ndiye mtu tunayemzungumzia: mpole, mwenye kiburi kidogo kwa jambo moja tu, na jambo lenyewe ni herufi.

Mmoja wa wateja wake wa zamani alikuwa Dorca Anyango, mwenye hoteli ya samaki Nyamasaria, kando ya barabara ya kwenda Ahero. Mwaka wa 1985 Laban alimchorea bango lenye ngege mzima juu ya sahani, nyanya na vitunguu ubavuni. Samaki yule alitoka vizuri mno, hasa jicho. Ungepita kwa baiskeli, jicho lipite nawe; ukigeuka nyuma, bado linakutazama. Madereva wa malori ya miwa ya Muhoroni waliacha kabisa kusema jina la hoteli. Waliambiana, "Tupatane kwa Jicho."

Miaka ikaenda, jua likala rangi. Mapema mwaka wa 1996 Laban alipita kumwambia Dorca kwamba ngege wake sasa anafanana na kandambili, na kwamba ingefaa apakwe upya. Dorca alikuwa akipara samaki. Hakuinua kichwa.

"Ngoja kwanza, fundi. Kuna kitu inakuja kutoka Nairobi."

"Kitu gani, Mama?"

"Utaona Alhamisi. Wewe kuja tu. Nataka mtu anayejua herufi awe hapa."

Alhamisi ilipofika, akakuta hoteli imejaa na mapazia yamefungwa. Mbele ya watu alisimama kijana mmoja mwenye tai, jina lake Walter, muuzaji wa kampuni moja ya Nairobi, amepakata kisanduku cheusi chenye urefu wa mkono. Alikipakata kama mtoto aliyetoka kubatizwa. Akakiweka mezani, akachomeka waya ukutani, na herufi nyekundu zikaanza kutoka upande wa kulia, zikatembea moja baada ya nyingine, zikapotelea upande wa kushoto: KARIBU KISUMU.

Bwana mmoja aliyekuwa anakula alizifuata kwa kidole mpaka mchuzi ukamtiririka kwenye kiwiko. Nyanya mmoja aliyekuwa ameketi karibu na mlango akauliza herufi zinakwenda wapi zikifika mwisho.

"Zinarudi kwa nyuma, Mama," Walter akamjibu bila kusita.

Nyanya akaitikia kwa kichwa polepole, ameridhika.

Walter akaeleza. Hii inaitwa LED, alisema. Ndani hamna balbu ya kuungua, ni tutaa tudogo mia kadhaa, kila kamoja kama punje ya mtama. Hazili stima. Hazichoki. Maneno unabadilisha upendavyo, leo samaki, kesho kuku, bila kumwita mtu. Aliposema "bila kumwita mtu" watu kadhaa waligeuka wakamtazama Laban, na Laban akahisi kama mtu aliyealikwa kwenye matanga yake mwenyewe na kuombwa asaidie kubeba viti.

"Fundi," Dorca akasema, "wewe ndiye unajua hii maneno. Uliza maswali."

Laban akasogea. Akaweka kidole gumba juu ya herufi iliyokuwa ikipita: inchi tatu kasorobo. Hata inchi tatu kamili ni hatua kumi na mbili, na tuta la barabarani, pale magari yanapopunguza mwendo, lilikuwa hatua arobaini kutoka mlangoni. Akauliza kama kinaweza kutolewa nje kidogo, juani. Walter akasema waya haufiki. Laban akakigeuza, akaona nyuma kina matundu madogo madogo ya kupitisha hewa, kama redio ya mezani. Akayatazama matundu yale kwa muda. Alijua mvua ya Aprili inavyotoka ziwani imelala ubavu, ikaingia hata mahali ambapo hewa haingii.

Maneno yalikuwa yamemfika kooni. Lakini wakati uleule Dorca akawageukia wateja wake, akacheka, akasema, "Hii haitaki kupakwa rangi kila Krismasi. Na lile jicho pia lipumzike, limefanya kazi."

Hoteli nzima ikacheka. Laban akayameza maneno yake, yakashuka kama mfupa.

"Ni kitu kizuri," akasema. "Kinapendeza."

Dorca akanunua. Bei yake ilikuwa ya kukutoa jasho, na hatutaitaja. Maneno ya kuandika aliyatunga mwenyewe. Jirani wa ng'ambo ya barabara alikuwa akieneza uvumi kwamba samaki wa Dorca hulala sufuriani siku mbili, na Dorca alitaka kummaliza mara moja. Akamwambia Walter aandike: HAPA HAKUNA SAMAKI WA JANA. Walter akabofya kitufe baada ya kitufe, akaacha karatasi ya maelezo, akapanda basi la Nairobi.

Nyumbani, Nabwire alimwona mumewe anachezea chakula.

"Baba Jentrix, ugali umekukosea nini?"

Akamweleza yote: inchi tatu, jua, matundu. Nabwire akasikiliza huku anachambua mboga.

"Na ulimwambia?"

"Ningesema, wangesema ni wivu."

"Ni wivu?"

Laban akafikiri. "Kidogo."

"Basi sasa wewe na mvua ni kitu kimoja," Nabwire akasema. "Mnangojana."

Kisanduku kikatundikwa juu ya mlango, kikiwatazama watu wanaotoka Ahero. Bango la zamani likashushwa, Dorca akalifanya mlango wa banda la kuku. Kuku walikataa kuingia siku tatu, kwa sababu ya jicho, mpaka akaligeuza.

Wiki ya kwanza watu walikuja kutazama. Ya pili hawakuja. Kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, jua likiwa limekaza, hakuna herufi iliyoonekana. Palikuwa na ubao mweusi tu, kama dirisha la nyumba iliyohamwa. Asubuhi mapema na jioni jua likilegea, herufi zilitembea vizuri, zikasomeka mbali kuliko za rangi kwa vile ni za taa, na hapo ndipo Dorca aliposhindwa kuelewa kabisa. Alisimama mlangoni akaona magari yakifika tutani, yakipunguza mwendo, abiria wakinyoosha shingo, wakisoma, wakisemezana. Kisha gari linapanda tuta, linaongeza mwendo, linapita. Hata malori ya Muhoroni yalipita. Dereva mmoja alimpungia mkono kwa huzuni, kama mtu anayempita mfiwa.

Samaki wakabaki sinia nzima. Dorca akapunguza chumvi, akaongeza chumvi, akabadilisha mafuta. Akamwita mchungaji wake, akaja akaombea jiko na meza zote, akala ngege wawili, akasema haoni tatizo.

Wiki ya tatu akaingia Wasike, dereva wa lori la miwa, mtu aliyekuwa akila pale tangu hoteli ilipokuwa na meza mbili. Akavua kofia, akaketi, akaagiza chai ya rangi.

"Chai peke yake?" Dorca akamuuliza.

"Nitafanya nini, Mama? Nimekuja tu kukupa pole."

"Pole ya nini?"

"Ya samaki kuisha. Sisi wote tumesikitika. Tukasema labda ni mambo ya ziwa, gugumaji limefunga wavuvi."

Dorca akaweka birika chini. "Nani amekuambia samaki imeisha?"

Wasike akamtazama, akahofia pengine mama wa watu ameanza kuchanganyikiwa. "Si ni wewe? Umeandika hapo juu kwa taa. Hapa hakuna samaki."

"Wa jana," Dorca akasema.

"Hata wa jana?"

"Wasike. Hapa hakuna samaki wa jana."

"Basi hakuna wa leo wala wa jana. Ndiyo nimesema pole."

Kwenye meza ya pembeni walikuwa wameketi mabwana wawili walioshuka basi kungoja gari la Kakamega, nao wakinywa soda. Mmoja akaomba ruhusa ya kuingilia. Wao, alisema, hawakusoma hayo. Basi lao lilipofika tutani walisoma SAMAKI WA JANA, basi. Abiria wote walisoma hivyo. "Tukasema angalau huyu mama ni mkweli," akamalizia, "lakini tukaona tunywe soda."

Dorca akaketi. Akamtuma mtu amwite Laban.

Laban alipofika na kusikia habari, alihisi kicheko kikimpanda kutoka miguuni, na kikifika kifuani kikageuka kitu kingine, maana alimwona Dorca anapanga samaki wa jioni wanne tu, badala ya arobaini. Akamwomba Wasike ampakie kwenye lori, wakaenda mpaka mbali, wakageuka, wakaja wakapita mbele ya hoteli kwa mwendo wa kawaida. Wakarudia. Wakarudia tena. Mara zote tatu Laban alikuwa ametoa kichwa dirishani, anahesabu. Kutoka pale herufi zinapoanza kusomeka mpaka lori linapopita, jicho la mtu lilipata maneno matatu, na yapi matatu, ilikuwa bahati nasibu.

"Mtu anayepita kwa gari huwezi kumsomea barua," alimwambia Dorca. "Anataka neno moja, na neno lenyewe limngoje limesimama. Likitembea naye anatembea, watapishana."

"Basi lisimamishe."

Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Karatasi aliyoacha Walter ilikuwa imeandikwa upande mmoja kwa maandishi ya Kichina na upande wa pili kwa Kiingereza ambacho nacho kilionekana kuzaliwa Uchina. Laban alikaa nayo siku tatu, juu ya ngazi, miwani puani. Siku ya kwanza alibofya kitufe, kisanduku kikafuta yote na kuandika HAPPY NEW YEAR. Ilikuwa tarehe kumi na tisa Machi. Mpaka jioni watu walikuwa wakiingia kumpa Dorca mkono wa heri, na mlevi mmoja akadai kwamba mwaka huu umekwenda haraka sana.

Siku ya pili kisanduku kikageuka saa. Kikaonyesha 3:47, na hapo kikakwama. Mama mmoja mwenye mizigo aliamini ni ratiba ya basi la Kisii, akaketi barazani kulingoja. Aliketi saa mbili. Njaa ikamshinda, akaagiza mbuta wa kukaanga na ugali, na huyo akawa mteja wa kwanza wa samaki baada ya siku nne.

Siku ya tatu, jioni, kwa kubofya vitufe viwili pamoja, jambo ambalo karatasi ilikuwa imelikataza, neno moja likatokea na kusimama pale pale: SAMAKI. Laban aliteremka ngazi, akarudi kinyumenyume mpaka barabarani, akasimama kulitazama. S yake haikuwa nzuri. Ilikuwa ya vijiwe vijiwe, imejaa pembe. Lakini basi la kwanza lililofika tutani likawasha taa ya kugeukia, likaingia.

Kwa wiki tatu mambo yakawa mazuri, walau asubuhi na jioni. Kisha, katikati ya Aprili, alasiri moja, wingu likajikusanya juu ya ziwa, jeusi kama chungu, na mvua ikaja imelala ubavu. Kisanduku kikatoa sauti kama bisi zikikaangwa. Moshi mwembamba ukatoka kwenye matundu. Herufi ya kwanza kuzimika ilikuwa S, ikabaki AMAKI. Kisha zikafuatana, mpaka ikabaki A moja katikati, inapepesa.

"Nani atakula A?" Dorca akasema, peke yake, akatoa kanga akajifunika kichwa.

Asubuhi yake Laban alikishusha, akakifungua mezani mbele yake. Maji yaliyotoka yangejaza kikombe, na mjusi mmoja mfu juu yake. Laban akakausha mikono yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mama," akasema, "nilijua."

"Ulijua nini?"

"Matundu. Na jua. Na kimo cha herufi. Yote niliona siku ile nilipokigeuza."

Dorca akamtazama. "Na ukasema ni kitu kizuri."

"Kilikuwa kizuri."

"Fundi, hata mamba ni mzuri." Akafagia matone ya maji mezani kwa kiganja. "Yule wa Nairobi sina hasira sana naye. Alikuja kuuza, akauza. Lakini wewe umekula hapa miaka kumi na moja. Mimi nilikuita kwa sababu una macho ambayo mimi sina. Nikakuuliza mbele ya watu, wewe ukanipa tabasamu."

"Uliwachekesha watu, Mama. Juu ya kazi yangu."

Dorca akakumbuka Krismasi, akakumbuka jicho, akakumbuka kicheko cha hoteli nzima. "Yawa," akashangaa kwa Kijaluo, kwa sauti ya chini. "Hiyo nayo ni kweli."

Walikaa hivyo kidogo, kila mmoja na aibu yake, mjusi katikati. Mwishowe Dorca akainuka, akatoa hukumu. Moja, Laban atamtoa ngege bandani na kumpaka upya, jicho na kila kitu. Pili, siku Dorca atakapopata tena nguvu ya kununua taa, atakayechagua ni Laban, si mwingine. "Na chini yake nitaandika jina lako," akasema, "watu wajue wa kumlaumu."

Siku hiyo ilichelewa. Ilifika mwaka wa 1998, mwezi wa pili, joto la kuchemsha lami. Walter alikuja tena, sasa amenenepa kidogo, na masanduku mawili badala ya moja. Alitaka kufunga mapazia. Laban akamwambia mapazia yamepelekwa kufuliwa, na maonyesho yatatazamwa kutoka kule, kando ya tuta, saa sita mchana.

Sanduku la kwanza lilikuwa refu, la herufi kumi na sita, zinazotembea, zinazoruka, zinazojikunja kama jongoo. Laban akalitundika mlangoni kwa waya mrefu aliokuwa ameuandaa tangu juzi, akamshika Walter mkono, wakatembea hatua arobaini mpaka tutani, wakageuka. Jua liliwapiga utosini.

"Soma," Laban akamwambia.

Walter akakunja uso. "Najua kinachosema."

"Najua unajua. Soma."

Walter hakusoma. Wakarudi. Sanduku la pili lilikuwa fupi na nene, la herufi sita tu, kila moja inchi kumi, na kila kitaa kimevikwa kofia ndogo ya plastiki ya kukinga jua. Hilo wakalisoma kutoka tutani, na kutoka ng'ambo ya tuta. Laban akaligeuza. Halikuwa na matundu. Pembezoni palikuwa na mpira kama ule wa mlango wa friji. Akauliza nani atalitengeneza likiharibika, na kama mtu huyo anaishi Kisumu au anaishi kwenye simu. Akauliza litafanya nini stima ikipanda ghafla, maana stima ya Nyamasaria ilikuwa na tabia zake. Walter akajibu moja baada ya jingine, na kila jibu Laban alimfanya aliandike na kulitia sahihi, mchungaji akishuhudia huku anakula.

"Limebaki jambo moja," Laban akasema. "Tulinyeshee mvua."

"Mvua iko wapi?" Walter akauliza, akitazama mbingu, ambazo hazikuwa na hata wingu la kuazima.

Laban akatoa jagi la maji.

Walter alikimbilia lile sanduku refu kwanza, akalikumbatia kifuani. Laban hakulisogelea. "Hilo jibu limetosha," akamwambia. "Hilo ni la ndani ya nyumba. Halina kosa, mwuzie mtu wa ndani. Na hili je?"

Walter akalitazama lile fupi, akatazama jagi, akawaza safari ya kurudi Nairobi na masanduku mawili. "Hili linaruhusiwa," akasema, si kwa nguvu sana.

Laban alikuwa anainua jagi polepole, kwa adabu, wakati Dorca, aliyengoja miaka miwili, alipotoka jikoni na beseni zima la maji ya kuoshea samaki. Alilimwaga kwa ubavu, kama mvua inavyokuja kutoka ziwani. Nusu ililipata sanduku, nusu ikampata Walter. Wote wakatazama. Maji yakachuruzika, magamba mawili yakabaki kwenye tai, na SAMAKI likaendelea kuwaka bila kukonyeza.

"Tunachukua hii," Dorca akasema.

Likawekwa chini ya bango la rangi, chini ya kipande cha bati cha kulitupia kivuli. Mchana ngege mpya alifanya kazi yake kwa jicho. Jioni neno lile moja likashika zamu. Halikukosa kasoro. Kila baada ya wiki kadhaa wadudu wa ziwa walikuja kama moshi, wakalifunika lote, na Dorca alikuwa akitoka na ufagio kulifagia neno lake. Lakini mvua za Aprili zilipita, na za mwaka uliofuata, na malori yakajaa uwanjani mpaka Wasike akalalamika kwamba hapati pa kuegesha.

Habari zikaenea, na watu wakaanza kumtafuta Laban kwa kazi ambayo hakuwahi kuiombea: si kuchora tu, bali kuwaambia wapake rangi au wawashe taa. Daktari wa meno wa Milimani alitaka taa nyekundu kama ya Dorca. Laban akamwambia nyekundu kwenye mlango wa kung'olea meno itawafanya wagonjwa wapone wakiwa barabarani. Akamchagulia ya kijani. Mwenye duka la vitambaa alitaka orodha ya bidhaa zake zote. Laban akamsimamisha ng'ambo ya barabara, akamwambia asome mpaka amalize, na mtu huyo akarudi amekata orodha yake mpaka maneno mawili. Wengi aliwaambia ukweli kwamba rangi ingewatosha. Wauzaji wa Nairobi walipomwona anakuja na jagi, walianza kutaja masanduku ya ndani wenyewe, kabla hajauliza.

Mwaka wa 1999 aliitwa Katito na mzee mmoja aliyeitwa Oketch, seremala wa majeneza. Duka lilikuwa safi, kazi nzuri, mbao zimepigwa vanishi mpaka unajiona. Mzee Oketch alikuwa ameona taa za mjini, na alitaka zinazotembea. Alikuwa hata amechagua maneno, yaliyokuja tayari ndani ya sanduku alilonyeshwa na muuzaji: KARIBU TENA.

Laban aliketi juu ya kigoda, akafikiri jinsi ya kumwambia mzee wa watu bila kumvunjia heshima.

"Mzee," akasema, "tuseme mteja wako amerudi, kama unavyomwalika. Ameshika mlango, anabisha. Utamfungulia?"

Mzee Oketch akatazama mlango wa duka lake. Akatazama majeneza. Kisha mabega ya mzee yakaanza kutikisika, akacheka mpaka akashika ukuta, akamwita mkewe aje asikie.

Laban akamchorea bango la kawaida, nyeupe juu ya buluu nzito, jina lake na neno MAJENEZA, herufi za inchi nane. Ilimchukua siku mbili. Chakula alikula kwa Mzee Oketch, na siku ya pili, alipokuwa anaosha brashi, mzee akaja na ombi la mwisho. Hakutaka makuu, alisema. Taa moja tu, ndogo, mahali popote, ili jirani yake mwenye kinu asidhani amebaki nyuma.

Laban akamfungia balbu moja nyeupe juu ya mlango. Wakasimama barabarani wawili hao, wakaitazama.

"Haitembei," Mzee Oketch akasema.

"Haitembei, Mzee."

"Ni sawa," akasema mzee. "Kwa kazi hii ni afadhali."